Dom Pérignon wa Hautvillers: mmonaki mtunza ghala, divai na kizibo chake

Jina la Dom Pérignon linajulikana duniani kote, lakini wengi wanaolitamka hawajui kwamba ni jina la mmonaki. Limeandikwa kwenye chupa za mvinyo wa gharama kubwa, unaofunguliwa kwa kishindo katika karamu za matajiri. Mwenye jina hilo alikuwa Mbenediktini wa Ufaransa aliyeishi katika karne ya 17 na mwanzoni mwa karne ya 18. Kwa mujibu wa Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, hakuruhusiwa kumiliki hata kalamu aliyoandikia. Kwa miaka 47 alishika funguo za ghala la abasia yake, akilima, akikamua, akihesabu na kutunza mali ambayo kamwe haikuwa yake.

Katika makala haya tunakusudia kumsimulia mmonaki huyo kadiri kumbukumbu zinavyomwonesha. Kisha tutaitazama hekaya iliyomzunguka, hasa ile inayosema kwamba ndiye aliyewafundisha Wafaransa kuziba chupa za mvinyo kwa gome la mti. Kizibo ni kitu kidogo ambacho mtu hukitupa mara tu chupa inapofunguliwa. Hata hivyo, kitu hicho kidogo kimebeba swali linaloigusa kila sakristia: divai tuliyokabidhiwa kwa ajili ya altare tutaitunzaje isiharibike kabla ya saa yake?

Utoto na wito

Pierre Pérignon alizaliwa katika mji mdogo wa Sainte-Menehould, katika eneo la Champagne, kaskazini-mashariki mwa Ufaransa, na kubatizwa tarehe 5 Januari 1639. Baba yake alikuwa karani katika utumishi wa umma wa mji huo, na ukoo wake ulimiliki mashamba ya mizabibu. Pierre alikuwa kitinda mimba wa familia hiyo, na mama yake alifariki dunia kabla mtoto hajatimiza mwaka mmoja. Hivyo alikulia katika nyumba iliyofahamu kalamu ya karani na jembe la mkulima, nayo haikukosa msiba.

Akiwa mtoto aliimba katika kwaya ya watawa Wabenediktini wa Moiremont, kisha akasomea kwa mapadre Wayesuiti katika mji wa Châlons. Alipokuwa bado kijana wa chini ya miaka 20 alibisha hodi katika abasia ya Saint-Vanne, mjini Verdun. Abasia hiyo ilikuwa kitovu cha vuguvugu la matengenezo miongoni mwa Wabenediktini, lililowarudisha wamonaki katika utii wa Kanuni yao: sala za saa kwa saa, masomo ya kina na kazi za mikono. Huko kijana Pierre alijifunza kwamba mmonaki hawekwi kando na jasho la dunia, na kwamba kazi ifanywayo kwa utii ni sehemu ya ibada yake. Tangu hapo aliitwa Dom, jina la heshima wanalopewa wamonaki wa Kibenediktini, linalotokana na neno la Kilatini lenye maana ya bwana.

Funguo za ghala

Mwaka 1668, akiwa na umri wa takriban miaka 29, Dom Pérignon alitumwa katika abasia ya Hautvillers. Abasia hiyo ilisimama juu ya kilima kinachotazama bonde la mto Marne, karibu na mji wa Épernay. Ilianzishwa katika karne ya 7 na Mtakatifu Nivard, Askofu wa Reims, na tangu karne ya 9 ilihifadhi masalia ya Mtakatifu Helena, mama yake Kaisari Konstantino, yaliyowavuta mahujaji wengi. Lakini vita vya karne ya 16 vilikuwa vimeiachia majeraha makubwa. Iliyahitaji mapato yake yote ili kuwalisha watawa, kuyakarabati majengo na kuwahudumia maskini waliobisha mlangoni.

Hapo ndipo alipokabidhiwa kazi ya mtunza ghala. Katika abasia, mtunza ghala ndiye msimamizi wa mali zote za nyumba: mashamba, mifugo, nafaka, mafuta, divai, watumishi, madeni na malipo. Mtakatifu Benedikto ameitengea kazi hiyo sura ya 31 ya Kanuni yake. Anataka ikabidhiwe mtu mwenye hekima na kiasi, asiye na majivuno wala papara, anayewajali wagonjwa, watoto, wageni na maskini, akijua kwamba siku ya hukumu atatoa hesabu kwa ajili yao wote. Tena anaagiza kwamba vyombo na mali zote za monasteri vitazamwe kana kwamba ni vyombo vitakatifu vya altare.

Tukitaka kumfahamu Dom Pérignon, hatuna budi kuanzia katika agizo hilo. Kwa mtawa aliyeisikia Kanuni hiyo ikisomwa mwaka hadi mwaka, pipa la divai lilistahili heshima ileile iliyostahili kalisi. Jembe lililoachwa nje likashika kutu, zabibu zilizopondeka njiani kwa uzembe, chupa iliyozibwa ovyo, yote yalikuwa makosa dhidi ya amana takatifu. Hakuna sababu ya kumtafutia siri nyingine iliyo kubwa kuliko hiyo.

Kazi ya shambani

Ndugu mmoja wa abasia aitwaye Pierre, aliyeendeleza kazi hiyo baada yake, aliacha maandishi yanayoeleza namna ya kulima na kukamua zabibu ilivyofuatwa Hautvillers. Kutokana na maandishi hayo na mengine ya nyakati zile tunapata picha ya mkulima mwangalifu kupita kiasi. Mizabibu ilipogolewa kwa nguvu ili izae kidogo na kilicho bora. Mavuno yalifanyika asubuhi na mapema, kungali na umande na ubaridi, na kila tunda lililopondeka au kuoza liliondolewa. Pale mzigo ulipohitaji mnyama wa kuubeba, walipendelewa nyumbu au punda kuliko farasi, kwa sababu ni watulivu zaidi na hawazitikisi zabibu. Shinikizo liliwekwa karibu na shamba kadiri ilivyowezekana, na ukamuaji ulifanywa haraka na kwa upole, ili zabibu zenye ganda jeusi zitoe maji meupe kabla ganda halijayatia rangi.

Abasia ilipokea zabibu kutoka mashamba yake na pia zaka kutoka vijiji vya jirani. Kila kilima kilikuwa na tabia yake: hapa zabibu zenye ukali, pale zenye utamu, kwingine zenye harufu nzuri lakini zisizo na nguvu. Dom Pérignon alisifika kwa kuzichanganya kabla ya kuzikamua, ili upungufu wa shamba moja ufidiwe na wingi wa jingine. Inasimuliwa na Ndugu Pierre kwamba aliletewa zabibu za mashamba mbalimbali, akaziacha usiku kucha kwenye ubaridi wa dirisha, na asubuhi akazionja kabla ya kula chochote, kisha akaamua zipi ziungane na zipi. Watu wa baadaye, wakishangazwa na ustadi huo wa ulimi, walidai kwamba alikuwa kipofu. Hakuna ushahidi wa kutegemewa kwamba mtunza hesabu huyo alikosa macho.

Katika miaka ya usimamizi wake mashamba ya mizabibu ya abasia yaliongezeka takriban mara mbili, na divai ya Hautvillers ilinunuliwa kwa bei ya juu kuliko ya majirani wengi. Fedha hizo zilirudi katika nyumba ya Mungu na katika mikono ya wahitaji.

Chupa zilizopasuka

Hapa tunafika kwenye tatizo lililomsumbua yeye na wote waliotengeneza divai Champagne. Maji ya zabibu hugeuka kuwa divai kwa kazi ya hamira, inayoila sukari na kutoa kileo pamoja na gesi ya kaboni. Champagne ni eneo la baridi. Mavuno huchelewa, na majira ya baridi yanapoingia, hamira husinzia kabla ya kuimaliza sukari yote. Watu hudhani kwamba divai imetulia. Majira ya kuchipua yanapoleta joto, hamira huamka na kuanza kazi upya. Divai ikiwa katika pipa, gesi hupata njia ya kutoka. Ikiwa imefungwa ndani ya chupa, gesi hukosa pa kwenda, hujilimbikiza, na chupa dhaifu hupasuka. Chupa moja ikipasuka, vipande vyake huivunja ya pili, na ya pili huivunja ya tatu, hata ghala zima likawa mahali pa hatari.

Msomaji wa Injili atakumbuka mara moja fundisho la Bwana wetu Yesu Kristo juu ya divai mpya na viriba vikuukuu. Wasikilizaji wake walilielewa kwa sababu walikuwa wamekwisha kuona viriba vikipasuka na divai ikimwagika chini. Watawa wa Champagne walikuwa na chupa mahali pa viriba, lakini hasara ilikuwa ileile.

Kwa hiyo, kinyume cha sifa aliyopewa baadaye, Dom Pérignon hakuwa mtu aliyeyatafuta mapovu. Katika sehemu kubwa ya maisha yake mapovu yalihesabiwa kuwa kasoro, na ustadi wa mtunza ghala ulikuwa kuyazuia. Aidha, mvinyo wenye mapovu haukuanzia Hautvillers. Mwaka 1662, miaka 6 kabla Dom Pérignon hajafika katika abasia hiyo, tabibu Mwingereza Christopher Merret aliwasilisha mbele ya wanasayansi wa London maelezo juu ya wafanyabiashara walioongeza sukari katika divai ili iwe na mapovu. Waingereza walikuwa na vitu viwili vilivyowawezesha kufanya hivyo: chupa nzito zilizotengenezwa katika tanuri za makaa ya mawe, na vizibo vya gome.

Kizibo cha gome

Nchini Ufaransa, katika ujana wa Dom Pérignon, chupa nyingi ziliingia mezani zikiwa zimezibwa kwa kigingi cha mti kilichozungushiwa kitani au katani iliyochovywa katika mafuta. Kizibo cha namna hiyo kilifaa kwa siku chache. Mti mgumu haujibani na shingo ya chupa, katani huoza, na hewa hupita polepole. Hewa ikishapita kwa wingi, divai hupoteza rangi na harufu, na vijidudu vya siki huanza kazi yao. Katika karne ya 19 mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur alikuja kuonesha kwa vipimo kazi ya vijidudu hivyo pamoja na ile ya oksijeni. Watunza ghala wa kale hawakujua maneno hayo, lakini walijua kwa kuonja kwamba divai iliyoachwa na hewa hufa.

Gome linalozungumziwa hapa ni la aina ya mwaloni unaoota hasa Ureno na Hispania, na pia Afrika ya Kaskazini. Mti huo haukatwi; huvuliwa gome tu, na gome humea tena. Huvuliwa kwa mara ya kwanza ukiwa na umri wa miaka 25 hivi, kisha kila baada ya miaka 9 au zaidi. Gome la kwanza na la pili huwa halifai kwa vizibo vizuri, hivyo apandaye mti huo huupanda kwa ajili ya watoto wake. Ndani ya gome mna vyumba vidogo mno vilivyojaa hewa. Ndiyo maana kizibo hukubali kubanwa kinapoingia katika shingo ya chupa, kisha hujitanua na kuishika pande zote. Chupa ikilazwa, divai hulilowesha gome na kulizuia lisikauke.

Kizibo hicho kiliibadilisha historia ya divai. Zamani divai ya pipa ilinywewa ndani ya mwaka, na ya mwaka uliopita mara nyingi iliuzwa kwa bei ya chini kwa kuwa ilikuwa imeanza kuchoka. Chupa imara na kizibo cha gome viliiwezesha divai njema kungoja miaka mingi. Katika kungoja huko ukali hupungua, harufu za matunda mabichi huwa za matunda makavu na asali, na ladha zilizokuwa zikigombana hupatana. Huko ndiko kukomaa. Hewa nyingi huiua divai, lakini chembe chache sana za oksijeni, zinazoingia kwa miaka mingi, huisaidia divai ya aina fulani kukomaa vizuri.

Je, ni Dom Pérignon aliyekileta kizibo hicho Champagne? Hekaya husema kwamba aliwaona mahujaji au watawa kutoka Hispania wakiwa na vibuyu vya maji vilivyozibwa kwa gome, akapata wazo. Ni masimulizi matamu, lakini hayana uthibitisho, na gome lilikuwa limekwisha kutumika mahali pengi. Lililo wazi ni kwamba katika zama zake Champagne ilianza kuweka divai yake ndani ya chupa na kuiziba kwa gome, na kwamba baada yake desturi hiyo iliingia katika sheria. Mwaka 1728 Mfalme Louis XV aliruhusu mvinyo wa Champagne usafirishwe katika chupa, na mwaka 1735 ulitolewa waraka wa kifalme uliopanga uzito wa chupa na kuagiza kizibo kifungwe kwa uzi imara.

Kifo chake na hekaya iliyofuata

Dom Pérignon alifariki dunia mwezi Septemba 1715, mwezi uleule alipofariki Mfalme Louis XIV, aliyezaliwa mwaka 1638 na kuishi takriban umri uleule. Mmoja alijijengea Versailles. Mwingine hakuacha urithi wa jina lake mwenyewe. Mmonaki huyo alizikwa Hautvillers, na jiwe la kaburi lake laonekana hadi leo katika kanisa la abasia, ambalo sasa ni kanisa la kijiji.

Maandishi ya Kilatini juu ya jiwe hilo yanastahili kutafakariwa. Yanasema kwamba alikuwa mtunza ghala wa monasteri kwa miaka 47, kwamba alisimamia mali ya nyumba kwa sifa kubwa, kwamba alijaa fadhila, na hasa kwamba aliwapenda maskini kwa upendo wa baba. Hayataji mapovu. Hayataji kizibo. Watawa walioishi naye, waliokula chakula alichokitafuta na kuiona milango aliyowafungulia wenye njaa, walipotafuta la kumkumbuka waliandika juu ya uaminifu na huruma.

Hekaya ilikuja baadaye. Mapinduzi ya Ufaransa yaliifunga abasia na kuwatawanya watawa. Mwaka 1821 Dom Grossard, aliyewahi kuwa msimamizi wa mali za Hautvillers kabla ya kufungwa kwake, aliandika barua iliyodai kwamba Dom Pérignon ndiye aliyegundua siri ya mvinyo wenye mapovu na matumizi ya gome. Inaeleweka kwamba mtawa mzee, aliyeiona nyumba yake ikibomoka, alitamani kuiachia sifa isiyofutika. Biashara nayo iliipokea sifa hiyo kwa mikono miwili, na tangu mwaka 1936 mvinyo wenye jina la mmonaki huyo umekuwa ukiuzwa duniani. Lakini Kanisa halihitaji kumpamba mtumishi wake kwa yale asiyoyafanya. Ukweli unamtosha.

Vizibo vya siku zetu

Swali alilohangaika nalo mtunza ghala wa Hautvillers bado liko hai. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watafiti nchini Uswisi walibaini chanzo kikuu cha harufu ya uvundo, kama ya karatasi zilizonyeshewa, inayotokea katika baadhi ya chupa. Ni kemikali inayozaliwa pale kuvu wanapokutana na dawa zenye klorini, na mara nyingi hupatikana katika gome lenyewe. Kiasi kidogo mno chatosha kuiharibu divai. Kizibo kilichopewa kazi ya kulinda kiligundulika kuwa wakati mwingine ndicho kilichochafua.

Kutokana na hilo watengenezaji wengi walitafuta njia mbadala: vizibo vya plastiki, vizibo vya chenga za gome zilizounganishwa kwa gundi, vizibo vya kioo, na vifuniko vya bati vya kuzungusha. Mwaka 1999 taasisi ya utafiti wa mvinyo ya Australia iliweka divai nyeupe ya aina moja katika chupa zilizofungwa kwa namna 14 tofauti, kisha ikaipima na kuionja kwa miaka kadhaa. Divai iliyofungwa kwa vifuniko vya kuzungusha ilibaki changa na safi kuliko zote, ingawa nyingine ilionesha harufu kali kama ya mpira kwa kukosa hewa. Divai iliyozibwa kwa vizibo vya plastiki vya wakati ule ilipokea hewa mapema na kubadilika rangi haraka. Vizibo vya gome vilikuwa katikati, lakini vilitofautiana: chupa moja njema, jirani yake imechoka.

Hata huko Champagne, chupa zinapolala ghalani kwa ajili ya uchachu wa pili, nyingi hufungwa kwa visoda vya bati kama vya chupa za soda, na kizibo cha gome huwekwa mwishoni zinapopelekwa sokoni. Baadhi ya watengenezaji wamerudia gome hata katika hatua hiyo ya ghalani kwa mvinyo unaokusudiwa kukaa miaka mingi, wakiamini kwamba katika safari ndefu gome hulinda vizuri zaidi. Kwa hiyo hakuna kizibo kimoja kinachofaa kwa kila divai. Kinachofaa hutegemea divai ni ya namna gani na itangoja kwa muda gani.

Funzo kwetu

Mama Kanisa, katika Mkusanyiko wa Sheria za Kanisa, kanuni ya 924, anaagiza kwamba divai ya Ekaristi iwe ya asili, itokane na tunda la mzabibu, na isiwe imeharibika. Waraka Redemptionis Sacramentum wa mwaka 2004 unasisitiza tena wajibu wa kuitunza isigeuke siki. Sheria hizo hazisemi neno juu ya aina ya kizibo. Muumini akiona divai ya Misa katika parokia yake imetoka katika chupa yenye kifuniko cha kuzungusha, asifadhaike wala asidhani kwamba heshima ya altare imepunguzwa. Heshima ya altare imo katika divai halisi na nzima, na katika mikono inayoiandaa.

Yapo, hata hivyo, mambo ambayo masakristani wetu wanaweza kujifunza kwa mtunza ghala huyo. Chupa yenye kizibo cha gome, ikikusudiwa kukaa muda mrefu, ilazwe mahali penye giza na ubaridi, kwa maana gome likikauka huruhusu hewa kupita. Yenye kifuniko cha kuzungusha yaweza kusimamishwa. Chupa ikishafunguliwa, hakuna kizibo kitakachoizuia hewa iliyokwisha kuingia. Hivyo katika vigango ambako Misa huadhimishwa mara chache kwa mwezi, ni busara kutumia chupa ndogo, au kuhamishia divai iliyobaki katika chupa ndogo safi iliyojaa hadi shingoni, na kuionja kabla ya kuipeleka altareni. Divai iliyogeuka siki isipelekwe kamwe, hata kama ni ya mwisho.

Tena tusisahau kiasi. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, katika sura ya 40, huwaruhusu watawa kipimo kidogo cha divai kwa siku, na huwasifu wale waliojaliwa kujinyima kabisa. Ni jambo la kusikitisha kwamba jina la mtawa mwenye kiasi limekuwa alama ya anasa. Familia zetu zinazijua vema hasara za ulevi, na kumbukumbu ya Dom Pérignon isitumike kuupamba.

Mtawa huyo hakutangazwa mtakatifu, na hatuna haja ya kumpa cheo ambacho Kanisa halijampa. Alikabidhiwa kitu kisicho chake, akakitunza miaka 47, akakirudisha kikiwa kimeongezeka, na maskini wakashiba. Kila mmoja wetu ameshikishwa funguo za ghala fulani: mhazini wa jumuiya ndogo ndogo, mama anayegawa unga wa nyumba, mwalimu mwenye watoto wa wenzake, mgonjwa mwenye sala zake. Tumwombe Mwenyezi Mungu atujalie kutunza tulichopewa hadi saa yake, ili Bwana atakapokuja kukitaka akikute kizima.